Mtu wa kuachiwa kazi: uchambuzi wa usaili mmoja wa mafunzo tarajali jijini Dodoma

Shirika moja lisilo la kiserikali lenye ofisi jijini Dodoma lilitangaza nafasi mbili za mafunzo tarajali za miezi sita. Kazi ilikuwa kuhudumia vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vya Bahi na Chamwino. Waliitwa wasailiwa wanane. Mimi niliketi kwenye jopo kama mjumbe wa nje, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa utawala na rasilimali watu. Katika uchambuzi huu nitamfuata msailiwa mmoja tu, binti wa Kondoa aliyemaliza shahada ya mipango ya maendeleo. Amekubali nieleze yaliyotokea. Jina lake na la shirika nimeyaacha, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Nimemchagua kwa sababu katika kikao kimoja alifanya vibaya sana, kisha akafanya vizuri sana, na ukisikiliza kwa makini unaona mahali hasa alipogeuka.

Kabla ya kuingia

Aliitwa kwa simu, namba asiyoijua. Alimuuliza aliyempigia jina lake, cheo chake, mahali na saa ya usaili na vitu vya kuja navyo, kisha akaomba atumiwe maelezo hayo kwa barua pepe. Kwangu hiyo ni alama ya kwanza nzuri, hata kama hakuna aliyeiandika popote. Vijana wengi wanapigiwa na matapeli wanaowaambia wamepita, watume fedha ya fomu au ya kupima afya. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu fedha ili amsaili. Ukiombwa fedha, hapo hapana kazi.

Alikuja Dodoma siku moja kabla, akalala kwa shangazi yake Chang'ombe, na asubuhi alifika nusu saa kabla ya muda wake. Pale mapokezi afisa rasilimali watu alikagua vyeti vya kila mmoja, na vya binti huyu vikaleta swali: cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina matatu, cha kidato cha nne mawili, na jina la baba liliandikwa kwa herufi tofauti. Alikuwa amejiandaa. Alitoa kiapo kinachoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja, na jambo likaisha papo hapo.

Shirika dogo lingeweza kulisamehe hilo. Serikalini ni vigumu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo nayo iko hapa Dodoma, huandika masharti yake kwenye kila tangazo la kuitwa kwenye usaili, na ni ajabu jinsi watu wanavyosoma orodha ya majina na kuyaruka masharti. Wanataka kitambulisho kinachotambulika. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, hadi cha chuo, kwa kadiri ya sifa za mwombaji, na hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe na uthibitisho wa TCU (tume ya vyuo vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi) au NECTA (baraza la mitihani). Mwenye majina yanayotofautiana anatakiwa awe na hati ya kisheria. Mwenye taaluma inayosajiliwa na bodi aje na cheti cha usajili. Namba ya mtihani unainakili mwenyewe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wao wa mtandaoni wa kuombea kazi, kabla ya siku yenyewe. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Mtu anaweza kupanda basi kutoka Kigoma, akalipia gesti, na safari yake ikaishia kwenye meza ya uhakiki. Inauma, kwa sababu kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ambayo ingepatikana wiki mbili nyuma bila taabu.

Tofauti nyingine ni hatua. Kule Serikalini kwa kawaida unaanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, baadhi ya kada zinafanya wa vitendo, ndipo yanafuata mahojiano ya ana kwa ana. Katika shirika letu vyote vilifanyika siku moja: mahojiano, kisha jaribio fupi la kompyuta.

"Tueleze habari zako"

Tulikuwa wajumbe wanne: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo aliyewahi kuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, msimamizi wa mradi, afisa rasilimali watu, na mimi. Binti aliingia, akatuamkia "shikamooni", akasubiri kuambiwa akae. Mjumbe mmoja wetu alikuwa karibu rika lake na akatabasamu kidogo kwa shikamoo ile, lakini hakuna aliyeona ni kosa. Salamu ya heshima haijawahi kumpunguzia mtu alama.

Swali la kwanza liliulizwa kwa Kiingereza, na lilikuwa lile lile la kila usaili: tueleze habari zako. Akajibu kwa Kiingereza alichokariri. Jina lake, alipozaliwa, ni mtoto wa ngapi kwa wazazi wake, shule ya msingi, sekondari, mwaka aliofanya mtihani wa kidato cha nne, wa sita, chuo. Akamalizia kwamba yeye ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana na wenzake. Alikuwa akiangalia ukutani juu ya kichwa cha mwenyekiti, kama mwanafunzi anayetoa shairi siku ya mahafali.

Nilitazama karatasi za wenzangu baadaye. Wote tulimpa alama chini ya nusu, na hakuna aliyemchukia. Tatizo ni kwamba kila alichosema kilikuwa tayari kwenye wasifu wake uliokuwa mezani mbele yetu, na zile sifa za mwisho zilisemwa na wasailiwa wote wanane, karibu kwa mpangilio ule ule. Mjumbe akishika kalamu anatafuta kitu cha kuandika. Ukimwambia unajituma, hana cha kuandika. Ukimwambia ulifanya nini, lini, na wapi, anaandika.

Na binti huyu alikuwa nacho! Kwenye ukurasa wa pili wa wasifu, mstari mmoja tu, aliandika kwamba alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kata moja ya Bahi, chini ya afisa maendeleo ya jamii. Hakulitaja. Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona ni jambo dogo, fildi ya wanafunzi tu, na kwamba jopo lingetaka kusikia mambo makubwa. Nadhani hapa ndipo vijana wetu wengi wanapopotea. Wanayaficha yale waliyoyafanya kwa mikono yao kwa sababu wanayaona hayana hadhi, wanayatoa mbele maneno ambayo hayana mwenyewe.

Angeweza kusema hivi, na ingemchukua chini ya dakika mbili: "Nimesomea mipango ya maendeleo. Katika fildi yangu nilikuwa Bahi, nikikaa na vikundi vya akina mama kila siku ya mkutano wao. Nilipewa kazi ya kusahihisha madaftari ya vikundi, kwa sababu waandishi wao walikuwa wanachanganya hisa na marejesho. Nimeomba nafasi hii kwa kuwa kazi mnayoitangaza ndiyo niliyoianza kule, na nataka niijue hadi mwisho." Kila neno hapo ni kweli tupu. Nimeliokota kwenye yale aliyotueleza mwenyewe baadaye.

Kuhusu Kiingereza: mashirika mengi yataanza nacho, kwa kuwa ripoti za wafadhili huandikwa kwa lugha hiyo. Usikikimbie. Lakini kazi ya kijijini hufanyika kwa Kiswahili, na hapa kwetu katikati mwa nchi pengine kwa Kigogo au Kirangi. Ukibanwa, omba kwa adabu ujibu swali linalofuata kwa Kiswahili. Jopo lenye akili litakuruhusu, na litapima lenyewe Kiingereza chako kinatosha kiasi gani. Sisi tulibadili lugha bila hata yeye kuomba, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameona jasho.

Mweka hazina

Swali la tatu aliliuliza mwenyekiti, na ndilo lililobeba alama nyingi kuliko yote.

"Kikundi kina wanachama ishirini na tano. Kesho ni siku ya mgawo wa mwaka, wanachama wagawane akiba yao. Leo jioni mwanachama mmoja anakunong'oneza kwamba mweka hazina amechukua laki nne kwenye sanduku bila kikao kujua. Wewe ndiye mtu wa shirika pale kijijini. Utafanya nini?"

Binti akaanza: "Mgogoro ni hali ya kutokuelewana kati ya pande mbili au zaidi..." Akataja aina za migogoro, akaanza hatua za utatuzi, ya kwanza, ya pili. Msimamizi wa mradi aliweka kalamu chini.

Mwenyekiti akamkatiza kwa upole. "Mwanangu, hiyo ni ya chumba cha mtihani. Hapa uko Bahi, chini ya mti, watu wameshakaa na wanataka fedha zao. Unasema nini?"

Alinyamaza. Kwenye usaili kimya kinatisha kuliko kilivyo kweli, na nakumbuka nilitamani asikivunje haraka. Hakukivunja. Kisha akatutazama, kwa mara ya kwanza, akaanza kuzungumza kama mtu aliyewahi kuwapo pale.

Alisema asingesubiri kesho. Usiku ule ule angempigia simu msimamizi wake, amweleze kuwa kuna tuhuma, bado haijathibitishwa. Asubuhi asingemtaja mweka hazina mbele ya watu, kwa kuwa maneno ya mtu mmoja yanaweza kuwa fitina, na kijijini jina likishaharibika halirudi. Angeomba kikundi kifanye kile kinachotakiwa kufanyika kabla ya mgawo wowote: wanachama watatu wanaoshika funguo za sanduku walifungue mbele ya wote, fedha zihesabiwe kwa sauti, daftari la kikundi lilinganishwe na kitabu cha kila mwanachama. Upungufu ukionekana, utakuwa umeonekana na kikundi chenyewe. Hapo angeomba katiba yao isomwe, kipengele cha adhabu na cha marejesho, waamue wao. Mgawo usifanyike mpaka hesabu ikubaliwe.

Mwenyekiti akauliza, "Na wakisema wewe ndiye wanayekuamini, ukae na fedha hizo hadi wiki ijayo?"

"Hapana, mama. Fedha za kikundi sizishiki. Hata kwa usiku mmoja."

Wajumbe wote wanne tuliandika kwa wakati mmoja.

Jibu lile lilikuwa na pengo moja. Hakugusa usajili wa kikundi, na msimamizi wa mradi alilitarajia, kwa kuwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya aina hii viko katika daraja la nne la watoa huduma na vinatakiwa kusajiliwa. Kikundi kilichosajiliwa kina mahali pa kupeleka shauri, kwa maana halmashauri inakitambua. Ukiomba kazi yenye sheria yake, isome, hata kwa juu juu. Pia wangeweza kumuuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa sababu wanavikundi watamuuliza hilo wiki ya kwanza.

Lakini pengo lile halikuharibu kitu. Jopo lolote, liwe la shirika au la Serikali, chini ya maswali yake yote lina swali moja ambalo halitamkwi: tukimwachia mtu huyu kazi, tukaondoka, tutarudi tukute nini? Tuhuma, fedha, mwanachama mwenye hasira, gari limeharibika Chipanga, simu haina mtandao. Tafsiri ya mgogoro haimwambii mwenyekiti chochote kuhusu hilo. Jibu la "sizishiki, hata kwa usiku mmoja" linamwambia karibu kila kitu.

Vyuo vyetu vinapima kukumbuka, na mwanafunzi aliyepimwa hivyo tangu darasa la kwanza ataingia kwenye usaili akidhani anapimwa kukumbuka. Simlaumu binti. Nasema tu kwamba maandalizi ya usaili wa mdomo hayafanani na kujisomea mtihani. Kaa chini, chukua tangazo la kazi, soma kila jukumu lililoandikwa, na kwa kila moja jiulize: hili liliwahi kunikuta wapi? Ikiwa hapana, nimeona nani akilifanya? Ikiwa hapana tena, nitamuuliza nani kabla ya siku ile? Afisa maendeleo wa kata yako angefurahi kuulizwa.

Swali lisilotakiwa

Mjumbe mmoja, sitamtaja, aliuliza: "Umeolewa? Una mtoto?"

Binti alijibu kwa utulivu: "Kama wasiwasi ni safari za vijijini, niko tayari kulala kituoni kwa ratiba iliyotangazwa." Basi.

Jibu lilikuwa zuri kwa sababu liliijibu hofu ya mwajiri bila kumfungulia mlango wa nyumbani kwake. Hata hivyo hakupaswa kuwekwa kwenye hali ile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, kabila, dini na mingineyo, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Wavulana watatu waliosailiwa siku ile hakuna aliyeulizwa kama ana mtoto. Mwenyekiti alitamka hapo hapo kuwa swali lile halina alama, likafutwa kwenye karatasi. Nawaomba wenzangu mnaoketi kwenye majopo: swali likiwa ni la safari, uliza safari, na uwaulize wote.

Kompyuta, na maswali yake kwetu

Jaribio lilikuwa rahisi: karatasi ya michango ya kikundi kimoja, aiingize kwenye Excel, ajumlishe, aandike ripoti ya nusu ukurasa. Tulikuwa tumeweka makosa mawili kwa makusudi. Wasailiwa wengine waliyasahihisha kimya kimya ili hesabu ikae sawa, wengine hawakuyaona. Yeye aliyaacha kama yalivyo, akayapaka rangi ya njano, akaandika kwenye ripoti kwamba mistari hiyo miwili haioani na jumla na inahitaji kuulizwa kwa mwandishi wa kikundi. Hapa alipata alama kamili.

Mwisho tulimuuliza kama ana swali. Aliuliza nani atakuwa msimamizi wake na ataripoti kwake kila baada ya muda gani. Swali zuri, la mtu anayefikiria kazi. Hakuuliza posho. Aliona aibu, na najua wengi wanaona aibu hiyo. Mafunzo tarajali si msaada unaopewa, na mtu anayekaa Bahi miezi sita anakula na anapanda bodaboda. Ukifika mwisho, au ukipigiwa simu kuwa umepata, uliza bila kona: posho ni kiasi gani na inalipwa lini, usafiri wa vijijini nani anaugharamia, kuna bima nikiumia kazini, nitapewa barua ya utambulisho na cheti nikimaliza? Kama kazi ni ya kuendesha pikipiki, uliza kofia ngumu na leseni pia. Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo amekupa taarifa muhimu.

Matokeo

Kila mjumbe alijumlisha peke yake kabla hatujazungumza, utaratibu ninaoupigania kila ninapoitwa, maana mwenyekiti akisema kwanza wengine humfuata. Binti akawa wa tatu. Waliomtangulia hawakumshinda kwenye swali la mweka hazina wala kwenye kompyuta. Walimshinda kwenye swali la kwanza tu, lile la kujieleza, alilolijibu kwa kukariri. Nafasi zilikuwa mbili, kwa hiyo akawekwa akiba.

Wiki chache baadaye yule wa kwanza alipangiwa kituo cha kazi Serikalini kutokana na usaili alioufanya zamani. Hilo hutokea, kwa kuwa waliofaulu usaili wa Sekretarieti ya Ajira wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata kwa muda, na nafasi za kada yao zikipatikana hupangiwa. Binti akapigiwa. Safari hii aliuliza posho, akaambiwa, akaomba iandikwe kwenye mkataba, ikaandikwa.

Jambo moja halikufanyika na lilinisumbua. Wale watano waliobaki hawakuambiwa chochote. Mmoja alikuwa akipiga simu ofisini kila Jumatatu. Nilipokutana na afisa rasilimali watu nilimwomba awatumie ujumbe mfupi kuwa nafasi zimejaa, na kwa atakayependa, aelezwe swali alilofanya vizuri na alilofanya vibaya. Aliwatumia siku hiyo hiyo. Watatu walijibu kwamba wangependa kuelezwa, na mwenyekiti aliwapigia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.